Nyuki Asiye na Mzinga

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika mkutano wa sherehe za kutimiza miaka kumi, Mkata



 Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za hesabu, za ghala, na za wazee waliovumilia taabu za mwanzo mpaka Chama kikasimama. Mimi nimepewa kazi ya kusema neno juu ya kilimo, neno litakalotufaa katika miaka kumi ijayo. Nami nimechagua kusema habari za mdudu.

Najua wako watakaocheka. Lakini naomba mnivumilie kidogo, kwani mdudu huyu anahusika na mizani yetu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Katika mikutano ya ushirika hapakosi msemaji wa kumsifu nyuki wa asali. Husemwa kwamba yeye ndiye mwanaushirika wa kwanza: wote hufanya kazi, wote huweka akiba, na wote huulinda mzinga. Sifa hizo ni za haki, wala mimi sizipingi. Hata wafugaji wa nyuki wenyewe waliuona mfano huo zamani. Wale wa Tabora walianzisha chama chao cha ushirika mwaka 1962. Lakini nyuki anayesifiwa hivyo ni mmoja tu katika ukoo mkubwa mno. Wataalamu wamekwisha kuandika zaidi ya aina 20,000 za nyuki duniani, na aina za nyuki wa asali hasa hazifiki 15. Wako pia nyuki wadogo wasiouma, ambao nao huishi kwa jamaa. Katika waliobaki, wengi kabisa hawana malkia, hawana mzinga, hawana asali ya kurina, wala hawana mkutano mkuu wa mwaka. Kila jike hujenga peke yake, hutafuta chakula peke yake, na huwawekea watoto wake akiba peke yake. Hao huitwa nyuki wapweke, na hao ndio ninaotaka kuwatetea leo.

Haja yangu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mdudu huyu asiye mwanachama hutuongezea mavuno kila msimu wala hatudai hata senti moja. Na kwamba kumtunza kwahitaji gharama ndogo sana, ila kumpoteza kwaweza kutugharimu sana.

JINSI YA KUWATAMBUA

Twawaona kila siku, lakini hatuwajui kwa majina. Nitawataja wanne.

Wa kwanza ni nyuki seremala, ambaye wengine humwita bunzi. Ni mkubwa na mnene, na arukapo huvuma kama lori linalopanda mlima. Katika aina mojawapo iliyoenea sana Afrika ya Mashariki, jike ni jeusi lenye mikanda miwili ya manjano au myeupe, na dume ni la manjano mwili mzima, hata mtu hudhani kuwa ni wadudu wawili mbalimbali. Nyuki huyu hutoboa mti mkavu: tawi lililokufa, boriti ya paa, au mlingoti wa mkonge uliokauka. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Nyuki seremala alikuwako kabla ya mkonge, na alipouona mlingoti mkavu wenye moyo mwororo hakungoja kufundishwa na Bwana Shamba. Wenzetu wa Ngombezi na Magoma waipasue milingoti ya zamani. Huenda wakakuta vyumba vyake ndani, vimepangwa mstari mmoja.

Wa pili ni nyuki mkata majani, na sisi watu wa Mkata tusione haya kumpokea, maana jina lake na la mji wetu ni karibu moja. Huyu hukata kipande cha jani, cha mviringo kama sarafu, akakichukua kwenda kutandika chumba cha mtoto wake. Mkulima aonapo majani ya mbaazi yamekatwa pembeni kwa nusu duara safi kama kwa mkasi, hukimbilia bomba la dawa. Asifanye haraka. Kiwavi na panzi hula jani, na alama zao hazina umbo. Mkata majani hali. Huchukua kitambaa tu. Mti haupati hasara ya maana, na ujira wake huja wakati wa maua.

Wa tatu ni nyuki mwenye mikanda ya samawati tumboni. Ni mwepesi sana. Husimama hewani mbele ya ua, kisha huruka upesi kama aliyeitwa. Hupenda mno maua ya kivumbasi. Hukaa katika shimo alilochimba kwenye ukingo wa korongo, katika ardhi kavu, au katika ukuta wa udongo.

Wa nne ni kundi la wadogo, wengine weusi, wengine wa kijani kinachong'aa kama chuma kilichosuguliwa, wengine si wakubwa kuliko punje ya mchele. Hawa huchimba ardhini. Katika nyuki wote wapweke, karibu saba katika kila kumi hukaa ardhini. Tundu lake ni dogo, na pembeni mna kifusi kidogo cha udongo, mfano wa kichuguu cha sisimizi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi atakaye kumwona nyuki huyu na ainame njiani mwa shamba lake, mahali palipo wazi pasipo majani.

MAISHA YA MAMA MMOJA

Tazameni sasa jinsi aishivyo. Jike hutoka katika kiota na kupandwa na dume. Baada ya hapo dume halina kazi nyumbani; madume ya aina nyingine hulala nje usiku, yameng'ata vijiti vya majani. Jike hutafuta tundu au huchimba. Hukusanya chavua, ule unga wa maua, akauchanganya na mbochi, akafanya donge. Juu ya donge hutaga yai moja. Kisha huziba chumba hicho, akaanza cha pili. Yai huangua, buu hula donge, hugeuka, na msimu mwingine nyuki mpya hutoka. Aghalabu mama yake amekwisha kufa zamani, wala hawakuonana. Nyuki seremala ana desturi kidogo ya jamaa, maana mama na binti huweza kukaa nyumba moja kwa muda.

Naomba mlishike jambo moja katika habari hii. Malkia wa nyuki wa asali, wakati wa neema, huweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Nyuki mpweke huenda asilee watoto zaidi ya thelathini katika maisha yake yote, na nyuki seremala hulea wachache kuliko hao. Kwa hiyo ukiwaua nyuki wa asali wakusanyao chakula, mzinga huweza kujaza pengo. Ukimuua nyuki mpweke mmoja, umevunja nyumba nzima, kwa sababu mfanyakazi ndiye mama, na mama ndiye malkia.

Tena, hana ukali. Dume halina mwiba. Jike lina mwiba, lakini halina mzinga wa kulinda, kwa hiyo haliumi ila likibanwa mkononi au likikanyagwa. Watoto wa shule waweza kulitazama likifanya kazi bila hofu.

KAZI YAKE SHAMBANI

Sasa nafika kwenye mizani.

Si kila zao lahitaji nyuki, nami sitaki kutia chumvi. Mahindi huchavushwa na upepo. Mihogo na mkonge twavipanda bila kungoja mbegu za maua. Lakini matikiti, maboga na matango yana maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na chavua yake ni nzito, haipeperushwi. Pasipo mdudu wa kuichukua kutoka ua hili hata lile, hapana tunda. Alizeti hujaza punje vizuri zaidi inapotembelewa na nyuki. Mbaazi huweza kujichavusha yenyewe kwa kiasi, lakini wafungua maua wakubwa, hasa mkata majani na seremala, huyaongezea maua yake nafasi ya kushika maganda. Na ua la pasheni ni pana, vichwa vyake vya chavua viko juu mno kwa mdudu mdogo. Nyuki seremala apitapo chini yake akifuata mbochi, mgongo wake hugusa barabara mahali panapotakiwa. Mfanyakazi mkuu wa pasheni ni yeye.

Ajabu kubwa kuliko zote iko katika bilingani na nyanya. Chavua ya maua hayo imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, mfano wa kopo la poda. Haitoki kwa kuguswa. Hutoka kwa kutikiswa. Nyuki seremala, yule wa mikanda ya samawati, na baadhi ya wadogo wa ardhini hulishika ua kwa nguvu, hutuliza mabawa, kisha hutetemesha mwili kwa misuli ya kurukia. Mtu aliye karibu husikia mvumo wake ukibadilika na kuwa mwembamba. Chavua hunyunyizika kifuani mwake kama unga. Nyuki wa asali, pamoja na sifa zake zote, hajui kazi hiyo. Nyanya hujichavusha yenyewe kwa sehemu, na upepo huitikisa. Lakini iliyotikiswa na nyuki hushika vizuri na hunenepa zaidi.

Haya si maneno ya kubahatisha. Mwaka 2008 wataalamu wawili, Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng, walichapisha uchunguzi wao juu ya mabilingani ya Nguruman, kusini mwa Kenya, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika nchi kavu ya wakulima wadogo kama sisi. Waliona kwamba waliofanya kazi bora katika maua yale ni nyuki wa aina mbili, wote wa porini, na mmojawapo ni huyo seremala mwenye mikanda niliyemtaja. Waliona pia kwamba nyuki hao hawaishi kwa bilingani peke yake. Hutegemea pori lililo jirani kwa chakula wakati bilingani haina maua. Kwa maneno mengine, pori lile ambalo mtu angesema halina faida lilikuwa likiwalisha vibarua wa shamba.

Mwaka 2013 wataalamu wa nchi nyingi walikusanya habari za mazao katika mifumo 41 ya kilimo duniani. Wakakuta kwamba ziara za wadudu wa porini zilisaidia maua kushika matunda mara mbili kuliko ziara za nyuki wa asali. Na mwaka 2016 taarifa kubwa ya kimataifa juu ya wachavushaji ilieleza kwamba robo tatu ya aina za mazao ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, wadudu na wanyama wachavushao maua.

Ndugu zangu, kwa nini jambo hili ni la Chama, wala si la Bwana Shamba peke yake? Kumbukeni mwaka 2017. Uhindi ilipoweka mpaka juu ya mbaazi za kutoka nje, bei katika nchi yetu ilianguka vibaya, na mkulima alibaki na magunia yake nyumbani. Bei ya mbaazi huamuliwa mbali, na hatuna amri juu yake. Tuna amri juu ya ua la mbaazi lililo katika shamba letu: lishike ganda au lidondoke. Mkulima mdogo asiye na uwezo wa kununua mbolea wala mashine anaye kibarua huyu wa bure. Akimpoteza, atakayeumia kwanza ni mama mwenye robo eka ya bilingani kando ya kijito, ambaye ada ya mtoto wake hutoka katika ndoo zile anazouza barabarani.

MAMBO YANAYOMDHURU

Jambo la kwanza ni dawa. Sisemi kwamba tuache dawa. Mwaka 2014 kantangaze aliingia katika nyanya za nchi yetu, na mwaka 2017 wakaja viwavijeshi vamizi katika mahindi. Mkulima aliyeona shamba lake likiliwa usiku mmoja hawezi kuambiwa akae akitazama. Lakini tangu hapo wengi wamezoea kupiga dawa kwa kalenda, mdudu awepo asiwepo, na kupiga saa tatu asubuhi wakati maua yamefunguka na nyuki wako kazini. Dawa ya kuua mdudu haiulizi huyu ni rafiki au adui. Ziko nyingine ambazo huingia katika mti mzima, zikafika hata katika chavua na mbochi, na sehemu kubwa hubaki katika udongo walalamo nyuki wa ardhini. Kwa sababu ya nyuki, mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa tatu za namna hiyo zisitumiwe mashambani nje.

Jambo la pili ni moto na shoka. Mnajua nyote magunia ya mkaa yapangwayo kando ya barabara kuu kati ya Chalinze na Segera. Mti mkavu ulio na tundu za seremala ndio mwepesi kukatwa, na moto wa kusafishia shamba huteketeza vijiti na mabua yaliyo na majana ndani.

Jambo la tatu ni sifa ya shamba safi. Tumefundishwa kwamba mkulima hodari ni yule ambaye shamba lake halina jani hata moja mpakani. Mwenye kuacha kichaka huitwa mvivu. Hapo ndipo pagumu, maana hakuna apendaye jina hilo. Lakini wengi wa nyuki hawa, hasa wadogo, hawaruki mbali. Safari yao ni ya mita mia chache tu. Nyuki wa asali aweza kusafiri kilometa kadhaa, akarudi. Huyu wa kwetu, akikosa nyumba na maua ya porini karibu na shamba lako, hatakuja kabisa.

MASWALI YA HAKI

Katika kuzungumza na wanachama nimesikia maswali matatu, nayo yastahili majibu.

La kwanza: kichaka si kitaleta nyoka na panya? Ni kweli. Kwa hiyo hatusemi kiachwe mlangoni. Kiachwe mpakani mwa shamba, mbali na nyumba na ghala, tena kisiwe pori bali ukanda mwembamba wa mimea yenye maua.

La pili: seremala si ataangusha paa langu? Yeye hali mti kama mchwa. Huchimba chumba tu, lakini akizoea boriti moja miaka mingi huidhoofisha. Dawa yake ni kupaka boriti rangi au oili chafu, kwani hapendi mti uliopakwa, kisha kumwekea gogo kavu shambani ahamie huko.

La tatu: kwa nini tusiongeze mizinga tu, tupate na asali? Tuiongeze, na Chama kisaidie. Lakini mzinga hauchukui nafasi ya huyu mwingine. Nimekwisha kueleza juu ya bilingani. Tena nyuki wa asali huloweka chavua kwa mbochi na kuishikiza miguuni. Mkata majani huichukua kavu tumboni, kwa hiyo humwagika kwa urahisi katika ua lifuatalo. Kila mmoja ana kazi yake.

WENGINE WAMEFANYAJE

Tusidhani kwamba sisi ni wa kwanza kufikiri hivi. Huko Japani, tangu miaka ya 1940, wakulima wa matufaha wamefunga mafungu ya matete na kuyatundika karibu na mashamba ili nyuki wapweke wapate kujenga ndani. Katika jimbo la Washington, Marekani, wakulima wa mbegu za majani ya malisho wa bonde la Touchet wametunza kwa miongo mingi viwanja vitupu vya udongo kwa ajili ya nyuki wa ardhini, hata pakawekwa mpaka wa mwendo wa magari ili nyuki wasigongwe. Huko Sichuan, China, iko wilaya ambayo wakulima wa mapeasi hupanda mitini na kupaka chavua kwa mkono, ua kwa ua. Sababu zao ni zaidi ya moja, lakini mojawapo ni kupungua kwa nyuki kwa ajili ya dawa nyingi. Nani hapa ana watu na fedha za kufanya kazi hiyo katika eka moja ya mbaazi?

Na hapa nchini tunao msingi wetu. Mwezi wa Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba viumbe vya porini ni amana tuliyokabidhiwa, na kwamba tutawatunza kwa faida ya watoto wetu. Watu wengi wakisikia maneno hayo huwafikiria tembo na simba. Mimi nadhani hata huyu wa kwenye tundu la mlingoti ameingia katika amana hiyo.

MAOMBI MATATU

Bwana Mwenyekiti, hotuba isiyo na kazi mwishoni ni kelele. Kwa hiyo naleta maombi matatu kwa wenyeviti na makatibu wa vyama vya msingi, wayapeleke katika mikutano yao.

Ombi la kwanza ni ukanda wa maua. Kila mwanachama aache mpakani mwa shamba, upande mmoja tu, ukanda wa hatua mbili au tatu usiolimwa wala kuchomwa moto. Kivumbasi kiachwe, marejea yapandwe, maana hulisha nyuki na kurutubisha udongo, na mahali padogo paachwe wazi, pasitifuliwe, kwa ajili ya wachimbaji. Palizi ya ukanda huo ingoje mpaka maua yaishe. Na katika chama cha msingi, mwenye ukanda huo asiitwe mvivu.

Ombi la pili ni juu ya dawa, na hili lahusu ghala letu wenyewe. Chama huuza dawa, na mapato yake twayajua. Naomba kila chupa iondokayo ghalani iondoke na maneno matatu ya mwuzaji: kagua kwanza, usipige juu ya maua yaliyofunguka, piga jioni kuanzia saa kumi na mbili, nyuki wakiwa wamelala. Ikiwa kwa kusema hivyo ghala litauza chupa chache, na iwe hivyo. Ghala ni la wanachama, na faida ya ghala isiyofika shambani si faida.

Ombi la tatu ni nyumba za nyuki. Tusichome kila gogo na kila mlingoti mkavu. Yaachwe mawili matatu katika kila shamba. Na vijana wa shule wafunge vipande vya matete au mianzi myembamba, vyenye upana wa tundu usiozidi penseli, upande mmoja umezibwa na fundo, wavitundike mahali pasiponyeshewa, pakielekea jua la asubuhi. Gharama yake ni kamba tu.

Na asiyeniamini asiniamini kwa maneno. Msimu huu achague miche michache ya bilingani. Kabla maua hayajafunguka, ayafunike baadhi kwa kipande cha chandarua kuukuu, na mengine ayaache wazi, akiyatia alama kwa uzi. Yaliyofunikwa yakishanyauka aondoe chandarua. Mwisho ahesabu matunda ya kila upande na kuyapima. Majibu ya vyama vyote yaletwe Mkata, tuyaandike katika daftari moja, ili mwaka ujao tusizungumze kwa hadithi za Nguruman bali kwa hesabu za Kabuku, za Kwamsisi na za Mombo.

Wahenga wetu walisema, fuata nyuki ule asali. Nyuki huyu hana asali. Ukimfuata utafika kwenye ganda la mbaazi, kwenye tikiti, na kwenye bilingani. Kisha utafika kwenye mizani ya chama chako, na kwenye fedha utakazopokea mezani kwa karani. Hajapata kuhudhuria mkutano wetu hata mmoja katika miaka hii kumi, lakini mchango wake umo katika kila hesabu tuliyosomewa leo.

Bwana Mwenyekiti, naomba maombi haya matatu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na wanachama wayaamue kwa kura katika vyama vyao kabla ya mvua za vuli.